Hadithi Njoo, Uongo Njoo: Viumbe wa Ajabu katika Vitabu vya Watoto Wetu

Hotuba hii ilitolewa jijini Mbeya mbele ya walimu, wazazi, viongozi wa dini na wanafunzi wa shule za msingi na sekondari. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale waliokosa nafasi ya kufika.

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wetu wa dini, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wanafunzi mliokaa mbele na madaftari yenu magotini, nawasalimu nyote. Waliosafiri kutoka Iringa na Njombe nawaambia kamwene, na waliodamka alfajiri kuwahi gari la Tukuyu na Kyela, ndaga fijo kwa kufika kwenu.

Nimeombwa nizungumze kuhusu vitabu vya viumbe wa ajabu: majoka, mazimwi, majini, ndege wanaosema, wanyama wanaogeuka watu. Wazazi wengi wanapoviona vitabu hivyo mikononi mwa watoto wao huuliza swali moja, nami nataka kulichukua kwa uzito wake wote. Je, mtoto anayesoma habari za uchawi na viumbe wasiokuwapo hafunguliwi mlango wa ushirikina? Mzazi mwenye swali hilo hastahili kudharauliwa. Anaishi katika nchi ambamo ushirikina umetoa roho za watu, na anamlinda mwanawe kwa njia aliyo nayo, yaani kumkataza.

Lakini mimi nasema kwamba kitabu kizuri cha viumbe wa ajabu hufanya kinyume kabisa cha kile anachokihofia mzazi huyo. Humzoeza mtoto kutenganisha kilichobuniwa na kilichopo, na kumpa nafasi ya kuulizia hofu zake kabla hofu hizo hazijamtawala. Hilo ndilo neno langu la leo.

Hebu tujikumbushe jinsi wazee wetu walivyokuwa wakianza. Hadithi! Hadithi!

Ukumbi mzima umejibu, hata waliokuja na wasiwasi wao: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Ndugu zangu, tumeitamka kauli hiyo tangu utotoni bila kuitafakari. Kabla zimwi halijatoka porini, kabla sungura hajafungua kinywa, msimulizi na wasikilizaji walipatana hadharani kwamba kinachokuja ni uongo, kwamba uongo huo umealikwa, na kwamba umealikwa kwa ajili ya utamu wake. Mtoto wa miaka minne aliyekaa kando ya moto aliitikia pamoja na wakubwa. Alikuwa ameshafundishwa jambo ambalo watu wazima wengi wanalikosa: kwamba maneno yana aina zake, na kila aina ina mlango wake wa kuingilia.

Sasa tokeni nje ya ukumbi huu mtazame nguzo za umeme kuanzia hapa mpaka Mwanjelwa. Mtaona vibao vilivyoandikwa kwa rangi, na namba ya simu chini: mganga anarudisha mpenzi, anavuta wateja dukani, anatoa pete ya bahati, anafaulisha mitihani. Je, kibao kile kinaanza kwa kusema uongo njoo? Hakisemi. Kinajitangaza kuwa kweli, kinapanga bei, na kinamngoja mtu mwenye shida. Nawauliza wazazi: kati ya kitabu kinachomwambia mtoto wazi kwamba joka lake limebuniwa, na kibao kinachomwapia kwamba pete itamfaulisha mtihani, ni kipi kinachofungua mlango wa ushirikina? Tumekagua mkoba wa mtoto tukakitoa kitabu, nguzo tukaiacha.

Nitawapa hadithi ya kwanza, ambayo si yangu. Ilisimuliwa Zanzibar, na Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekuja kuwa askofu huko, akaichapisha London mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine za Waswahili. Sultani mmoja alikuwa na paka. Paka akala ndama, watu wakaenda kulalamika, sultani akajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Akala mbuzi, jibu likawa lile lile. Akala ng'ombe, punda, farasi, ngamia, na jibu halikubadilika. Mwisho akaanza kula watu, naye akawa nunda. Angalieni jinsi msimulizi alivyolijenga jitu hilo hatua kwa hatua: halikushuka kutoka mbinguni, lilikuzwa na mkubwa aliyekataa kusikia malalamiko. Kijana wa kidato cha tatu akiisoma sehemu hiyo, hahitaji mwalimu wa uraia kumweleza ina maana gani.

Lakini sehemu ninayoipenda zaidi ni ile inayofuata. Mtoto wa mwisho wa sultani aliapa kumwua nunda, ingawa hakuwahi kumwona. Akaingia porini, akaua mbwa, akamburura mpaka nyumbani akiimba kwa furaha kwamba amemwua mla watu. Mama yake akamwitikia kwamba huyo siye. Akarudi, akaua fungo. Mama akasema siye. Akaua punda milia, twiga, kifaru, hata tembo, na kila mara mama alimtazama mnyama, akamwambia mwanawe kwamba huyo siye nunda. Alimpa alama: masikio yake madogo, mwili wake mpana si mrefu, ana mabaka mawili, mkia wake mnene. Kijana akaenda na alama hizo, na siku alipokutana na nunda mlimani alizitazama moja moja kabla ya kumshambulia.

Walimu wenzangu, hii si ndiyo kazi tunayoifanya kila siku? Mtoto anakuja na jibu, tunalilinganisha na alama, tunamwambia bado, rudi ukatafute. Mama yule hakumkatisha tamaa mwanawe, wala hakumpigia makofi kwa ajili ya mbwa. Hadithi ya kiumbe ambaye hajawahi kuwapo ilikuwa ikiwafundisha watoto wa pwani kwamba madai hayakubaliwi mpaka yathibitishwe.

Hadithi yangu ya pili ni ya kweli, na ni ya hapa kwetu. Wawindaji wa Kinyakyusa katika vijiji vilivyouzunguka Mlima Rungwe walikuwa wakimtaja mnyama mmoja wa msituni, kima mwenye haya, asiyeonekana kwa urahisi, waliyemwita kipunji. Watafiti waliokuwa wakifanya kazi katika msitu ule walizisikia habari hizo mwanzoni mwa mwaka 2003, lakini hawakuwa na hakika wazichukue vipi, kwa sababu Wanyakyusa ni mabingwa wa kusimulia na katika masimulizi yao wanyama wa kweli na wanyama wa mizimu hutembea pamoja. Je, kipunji alikuwa mnyama, au alikuwa hadithi?

Wangeweza kuzipuuza habari zile kwa kuwa zilitoka kwa watu wa vijijini, na wangeweza vilevile kuziamini na kuziandika hivyo hivyo. Walifanya kile alichofanya mama wa kijana yule: walikwenda kutafuta alama. Mwaka 2003 walimwona, kima wa rangi ya kahawia mwenye kishungi cha nywele kilichosimama juu ya kichwa na mlio wa ajabu unaosikika kama honi iliyochanganyika na mbweko. Mwaka uliofuata watafiti wengine, ambao hawakuwa na habari za wenzao, walimwona kima huyo huyo katika msitu wa Ndundulu, kwenye milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 dunia ikatangaziwa. Kisha kipunji mmoja alipatikana amekufa kwenye mtego wa mkulima shambani, na vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba yuko karibu zaidi na nyani kuliko na kima waliokuwa wamemweka pamoja nao. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake peke yake, yaani kundi lake la kisayansi, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya kima wa Afrika tangu mwaka 1923. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikadiria kwamba walikuwa wamebaki 1,117 tu duniani kote.

Watoto wangu wa Rungwe, mnaelewa maana yake? Kwa miaka yote ile ambayo dunia haikumjua, waliomtunza kipunji katika kumbukumbu walikuwa watu waliokuwa wakisimulia. Na waliomtoa kwenye simulizi wakampa nafasi kwenye sayansi walikuwa watu waliouliza. Mnahitaji yote mawili. Anayesimulia bila kuuliza ataamini kila kitu, na anayeuliza bila kusikiliza simulizi atapita chini ya mti alipokaa kipunji asitazame juu.

Sasa naingia kwenye sehemu nzito, na naomba mnivumilie, kwa sababu nisingekuwa mkweli kama ningeiruka.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 watoto walitekwa na kuuawa mkoani Njombe, na mauaji yale yakahusishwa na imani za kishirikina. Wengine kati yenu mnatoka huko, na mnakumbuka jinsi wazazi walivyowasindikiza watoto shuleni na kuwangoja getini. Kwa miaka mingi watu wenye ualbino katika nchi hii wamewindwa na kukatwa viungo, na vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyoumizwa na moshi wa jiko walilopikia wajukuu. Imani iliyofanya unyama huo haikujitambulisha kuwa hadithi. Ilijitambulisha kuwa njia ya utajiri, ikapokelewa na watu wazima ambao hakuna aliyewazoeza kuuliza alama ziko wapi.

Kwa hiyo nikisema tuwape watoto vitabu vya viumbe wa ajabu, sisemi vitabu vyovyote. Kwa mwandishi yeyote atakayetaka kuandika katika nyanda hizi nina sharti moja ambalo sitalilegeza: binadamu asifanywe kiumbe. Mtu mwenye ualbino si mzimu, si malaika, si chanzo cha bahati wala cha mkosi, ni mtu. Bibi kizee anayeishi peke yake mwisho wa kijiji ni mtu. Mtoto aliyezaliwa na ulemavu ni mtu. Mwandishi akitaka jitu la kutisha, na alibuni: alipe pembe, alipe mikia saba, alitoe chini ya ardhi au ndani ya radi. Asilivishe sura ya jirani. Kitabu kinachomfundisha mtoto kumwogopa jirani yake kwa umbile lake, mimi mwenyewe nitakitoa rafuni, hata kama kimeandikwa kwa Kiswahili cha kupendeza namna gani.

Na kwenu viongozi wa dini, najua mnapokea watu usiku wenye hofu ya kurogwa. Nawaombeni mtazame jambo hili kwa jicho hilo. Mtoto aliyeshinda zimwi mara nyingi katika hadithi, aliyeona kwamba zimwi lina udhaifu, kwamba msichana aliyefungwa ndani ya ngoma aliimba mpaka wazazi wake wakaitambua sauti yake, mtoto huyo anapokutana na hofu ya kweli huwa ameshajua kwamba hofu hukabiliwa kwa akili na kwa kupaza sauti. Aliyekatazwa hadithi zote hubaki na hofu tupu, isiyo na jina.

Nije kwenye malighafi, maana kuna wanaosema kwamba vitabu vya namna hii ni vya Wazungu, kwamba sisi hatuna theluji, hatuna ngome za mawe, hatuna farasi wenye pembe. Jamani, tunakaa wapi?

Tunakaa chini ya Ngosi, ziwa lililojaa ndani ya tundu la volkano katika milima ya Uporoto, lenye urefu wa zaidi ya kilomita mbili na kuta za msitu pande zote, ambalo wenyeji husimulia kwamba lina nyoka mkubwa mwenye nguvu za ajabu, ajifichaye kwa kujigeuza rangi ya mbingu au ya maji. Huko Mbozi upo ule uzito wa chuma wa tani zipatazo 16 ulioanguka kutoka angani, Kimondo, ambao unaweza kuugusa kwa kiganja. Isimila, karibu na mji wa Iringa, pamoja na zana za mawe za watu wa kale, imepatikana mifupa ya kiboko aliyetoweka, ambaye matundu ya macho yake yalichomoza juu ya fuvu ili aone huku mwili wote umezama. Na katika bonde la Rukwa wataalamu wamechimbua mamba mdogo mwenye ukubwa wa paka wa nyumbani, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, mwenye miguu mirefu myembamba na magego ya kutafunia kama ya mamalia. Walipomtangaza mwaka 2010 walimwita Pakasuchus, wakichukua paka wetu wa Kiswahili. Katika bonde hilo hilo alitoka dinosaria aliyetangazwa mwaka 2019 kwa jina la Mnyamawamtuka moyowamkia, kwa kuwa mfupa mmoja wa mkia wake una umbo la moyo. Nani hapa angeweza kubuni mnyama mwenye moyo mkiani? Upo mfupa wake.

Hadithi yangu ya mwisho inatoka darasani. Nilialikwa katika shule moja ya msingi iliyo njiani kuelekea Tukuyu, nikawasimulia watoto wa darasa la tano habari za nyoka wa Ngosi. Nilipomaliza, mvulana mmoja mwenye sweta iliyofumuka kiwikoni alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, hilo joka linakula nini?" Kabla sijajibu, msichana wa dawati la nyuma akasema kwamba linakula ukungu, na ndiyo maana ukungu huwa mwingi alfajiri na ikifika saa nne umekwisha. Darasa likaridhika, isipokuwa yule mvulana. "Na kiangazi, ukungu usipokuwapo?" Pakawa kimya kidogo. Kisha mwingine akasema kwamba kiangazi joka hulala na njaa, na njaa ndiyo inayoyageuza maji rangi. Wakaanza kubishana: kama linalala, nani analinda ziwa? Kama watu wakifyeka msitu na ukungu ukapungua, joka litahama au litakufa?

Nawaombeni mwone kilichotokea pale. Watoto walikuwa wakishughulikia chanzo na matokeo. Walikuwa wamejiwekea sheria, na kila mmoja alibanwa na sheria aliyoiweka mwenzake. Walifika wenyewe kwenye msitu na mvua, jambo ambalo mtaala unalifundisha kwa mchoro, na walifika wakiwa wamelipenda. Nilipowaeleza baadaye kwamba tundu lile lilitokana na volkano, hakuna aliyeona kwamba nimeharibu hadithi, mvulana yule aliandika neno volkano kwenye daftari lake, akalipigia mstari, na chini yake akaandika: "Huenda ndiyo jiko lake."

Hiyo ndiyo tofauti ya kitabu kizuri na kibaya katika fani hii. Kiumbe anayeweza kila kitu hana hadithi. Kiumbe lazima awe na anachokula, anachokiogopa, na asichoweza kukifanya hata akitaka. Uchawi usio na gharama humfundisha mtoto kwamba shida huondoka kwa kupenda tu, na hayo ndiyo mafundisho ya kibao cha kwenye nguzo. Uchawi wenye sheria na gharama humfundisha kufikiri.

Kwa vijana wa sekondari mambo huongezeka uzito, kwa sababu kijana wa miaka 15 hatafuti tena tu kama joka litauawa. Anataka kujua itakuwaje kwa aliyeliua. Shaaban Robert alilijua hilo. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, ndugu wawili wenye husuda wanageuzwa manyani na jini, na ndugu yao waliyetaka kumwua analazimishwa kuwapiga kila usiku. Mwovu ameadhibiwa, lakini mwenye kuadhibu ndiye anayeumia. Mpe kijana hadithi hiyo, umwulize adhabu ikome lini na nani mwenye haki ya kuikomesha, halafu mwache azungumze. Basi asiseme mtu kwamba hadithi za namna hii ni ugeni katika lugha yetu.

Tufanye nini? Wazazi, simulieni. Simulieni kwa Kinyakyusa, kwa Kisafwa, kwa Kihehe, kwa Kibena, kwa Kikinga, kwa lugha mliyosimuliwa nayo, kisha mwambieni mtoto aiandike kwa Kiswahili, na msimsahihishe joka lake. Walimu wakuu, nawaombeni kwa heshima mvitoe vitabu kwenye makabati yaliyofungwa kwa kufuli. Najua mnaogopa visichanike wakati wa ukaguzi, lakini kitabu ambacho hakijashikwa kwa miaka mitano kimeshapotea zaidi ya kile kilichochanika. Waandishi vijana, Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inapokea hadithi za watoto, pelekeni. Pelekeni Ngosi, pelekeni Rungwe, pelekeni Kitulo yenye maua, msiwaachie watu wa mbali wawaandikie watoto wetu milima yao wenyewe.

Muda wangu umekwisha, na kazi ya mchana huu ni ya wanafunzi. Mtagawanywa katika vikundi vya watu sita, shule zikichanganyika, na kila kikundi kitapewa mahali pamoja: Ngosi, Kimondo, Isimila, Rukwa au msitu wa Rungwe. Mtabuni kiumbe mmoja wa mahali hapo. Kabla ya kumchora, mwandike anakula nini, anaogopa nini, na ni kitu gani hawezi. Karatasi na penseli za rangi ziko meza ya kushoto, na wazazi mtakaobaki mtakaa nao, muwaulize maswali mpaka kengele ya saa kumi. Asanteni sana kwa kunisikiliza.